Fundo Katikati ya Mshono

3 Februari

Sindano, mdogo wangu,

Barua yako nimeipata, na nimemaliza kuisoma kabla mleta barua hajapanda baiskeli yake. Hiyo si sifa. Ni mistari sita. Mtu aliyekuwa akipiga domo kutwa nzima cherehani imesimama, leo ananiandikia mistari sita, na mmojawapo ni tarehe.

Hapa dukani tunajikokota. Mama bado anakaa kwenye kiti chake karibu na mlango, na mteja akileta nguo ya kurekebisha haitazami kwa nje, anaigeuza ndani kwanza. Unamjua. Juzi alimrudishia mwanamke mmoja sketi aliyoshonewa kwingine, akamwambia kwamba aliyeishona aliinuka mara mbili kabla ya kumaliza pindo. Yule mwanamke alimkodolea macho kana kwamba Mama anasoma mawazo ya watu. Sisi tuliokulia chini ya sheria yake tunaelewa: uzi mmoja toka mwanzo wa mshono hadi mwisho, na hakuna kwenda kunywa maji njiani. Ukikata uzi katikati ukapiga fundo, umekiri mwenyewe kwamba uliinuka. Mimi nilichapwa kwa ajili ya fundo. Wewe hukuwahi kupiga hata moja, ndiyo maana alikuita Sindano, na mimi nikabaki Kifungo, mfupi wa mviringo.

Moyo wake si mzuri. Daktari amemkataza ngazi, amemkataza mizigo, na zaidi ya yote ametukataza sisi tusimpe mshtuko. Kila siku anakuulizia. Ile homa ya mwaka jana iliisha au haikuisha? Unasema umechoka kidogo. Nani hajachoka? Mimi nina miaka hamsini na miguu iliyovimba kama mito ya kulalia, na bado nakanyaga cherehani. Uchovu gani huu wa miezi kumi?

Ndani ya kifurushi hiki kuna kitambaa cha gauni, kile cha buluu chenye maua madogo. Mama amekikata mwenyewe na anataka umshonee, kwa mkono, si kwa mashine. Nilipomuuliza kwa nini kwa mkono, akasema anataka kuuona mkono wako. Nimeona ni mapenzi ya uzeeni tu.

Dada yako,
Kifungo


21 Februari

Dada, shikamoo.

Kitambaa nimekipata, kizuri. Mwambie Mama nitamshonea, ila asinihimize, kiwandani tuna kazi nyingi. Nakata sare za shule kutwa nzima na jioni vidole havitaki tena mkasi.

Tafadhali usinipigie simu. Simu inataka nijibu papo hapo. Barua inanisubiri.

Mimi mzima.

Mdogo wako,
Sindano


4 Machi

Sindano,

Basi kaa ukijua kwamba mzigo unakuja. Mama ameisoma barua yako, akaikunja, akaifungua tena, akaisogeza dirishani akaitazama kana kwamba ni mshono. Kisha akasema tunakwenda kwako. Nilimkumbusha maneno ya daktari kuhusu safari. Akasema daktari amekataza mshtuko, hakukataza basi.

Tutafika tarehe 20 asubuhi na tutakaa siku nne. Usihangaike na chochote. Nikisema hivyo namaanisha uhangaike kidogo, maana Mama atatazama kila kona, na mimi nimekukumbuka wewe na supu yako.

Nitakwambia jambo ambalo hataki nikwambie. Anaogopa. Haniambii anaogopa nini, lakini tangu Februari anaamka, anakaa kitandani, ananiuliza kama umelala vizuri. Nami nitajuaje, nikiwa mbali nawe safari ya siku nzima? Ukimwona, mchangamkie. Akirudi hapa akiwa ametulia, huenda nikakaa naye mwaka mwingine, hata miwili.

Kifungo


9 Machi

Bibi Muuguzi,

Kati yetu kuna ukuta mmoja tu, lakini nakuandikia, kwa sababu leo sauti imegoma, na ukija kunisikiliza nitajilazimisha kusema. Karatasi hii imenichukua siku mbili. Nitaisukuma chini ya mlango wako nikienda msalani, safari moja kazi mbili.

Mama na dada yangu wanakuja tarehe 20. Hawajui kitu. Hawajui kwamba kiwandani nilitolewa tangu Novemba, siku ile msimamizi aliponikuta nimelala juu ya marobota ya kitambaa. Hawajui kwamba nikiosha nywele leo, keshokutwa siwezi kuinua kikombe. Wewe ndiye uliyenifumbua macho kwamba ugonjwa huu haupigi papo hapo. Unakuacha ufurahi leo, kisha unakuangusha ukiwa umekwisha kusahau ulichofanya.

Najua utasema nimweleze Mama ukweli. Sikiliza basi. Baba alikuwa mtu wa afya. Siku moja mchana alisema anajinyoosha kidogo, na hakuinuka tena. Tangu siku ile, mtu akilala mchana nyumbani kwetu, Mama humwendea akamgusa unyayo. Ukitikisa mguu, anakwenda zake. Leo moyo wake ni mgonjwa. Nimwache aingie hapa anikute nimelala kama Baba, mapazia yamefungwa mchana? Nitakuwa nimemuua kwa mikono yangu.

Kwa hiyo nimepanga. Kuanzia leo sifanyi kitu. Sisimami kuoga, sisomi, siitiki mlangoni. Gauni lake tu, michomo kumi na tano ya sindano asubuhi na kumi na tano jioni, halafu naliweka. Nataka siku nne. Nikipata siku nne za kusimama na kupika na kucheka, Mama ataondoka moyo wake umetulia, na mimi nitalala hata mwezi mzima, sijali.

Naomba unifulie mapazia. Ukinisikia kupitia ukuta nacheka kupita kiasi, usije kunikanya. Na hili usimwambie mtu. Niahidi kwa kuniandikia neno moja, nitalikuta chini ya mlango.

Jirani yako


10 Machi

Nimeahidi, na sipendi.

Muuguzi


1 Aprili

Sindano wangu,

Tumefika salama, na miguu yangu imerudi saizi yake baada ya siku tano. Sijui nianze wapi. Nilikuja nikiwa nimejiandaa kukusema, nikarudi nimefungwa mdomo. Chumba kinameta, mapazia yananukia sabuni, supu ya kuku kama ya zamani. Na ulivyomwigiza msimamizi wenu anavyopiga miluzi akitembea, mimi nilikaribia kujikojolea, nasema kweli. Siku ya pili ulipowasha redio ukamtoa Mama kwenye kiti ukacheza naye polepole kuzunguka meza, nilikwenda kusimama jikoni nikalia kidogo. Nilikuwa nimejazwa hofu bure. Mdogo wangu ni mzima wa afya.

Gauni limemkaa Mama barabara. Ile jioni ya kwanza ulipokwenda kuosha vyombo alilichukua akaenda nalo dirishani, akaligeuza ndani, akalitazama muda mrefu mpaka nikadhani amepata kosa. Akaligeuza, akalivaa, akasema limemkaa.

Ila uzee ni kitu. Asubuhi ya siku ya tatu anaamka ananiambia nifunge mizigo. Namwambia siku zetu nne hazijaisha, Sindano ameahidi kutupeleka kutembea. Anasema amekumbuka gauni la bibi harusi halijapindwa. Hakuna gauni la bibi harusi, nimelitafuta duka zima. Halafu ulipokuwa umekaa ukitaka kuvaa viatu utusindikize, akakwambia usitusindikize, akainama akakugusa unyayo, mtu umekaa macho makavu. Na pale mlangoni ulipokuwa ukitupungia, hakugeuka hata mara moja. Alitembea mbiombio hadi kwenye kona, kifua kinampanda na kushuka, nikamgombeza njia nzima. Ndani ya basi alisema neno moja tu, kwamba tumemchosha mtoto. Nikamwambia mtoto ana nguvu kuliko sisi sote wawili.

Tangu turudi ametulia kweli, hilo nakushukuru. Ameanza kushona kitu chake kwa mkono, gauni la kulalia, na nikisogea analificha chini ya mto wa kiti. Nadhani anajishonea mwenyewe, na sitaki kufikiria kwa nini.

Kwa kuwa u mzima, njoo mwezi wa tano unisaidie. Sare zimejaa mpaka mlangoni, na Mama anachoka upesi.

Kifungo


14 Mei

Dada, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Mwezi huu siwezi kuja. Ni kazi.

Nataka uniambie ukweli. Kwa nini Mama aliondoka mapema? Nililifikiria sana. Nilizidisha chumvi? Au ni redio, nilifungua sauti kubwa? Hata kunitazama alipokuwa akiondoka hakunitazama. Siku ya nne nilikuwa nimeiandaa, Dada. Nilikuwa nimeiweka.

Msalimie.

Sindano


30 Juni

Nakuandikia kwa sababu kuna mambo yanayopaswa kuandikwa, si kwa sababu nataka kuongea na wewe.

Mama alifariki tarehe 12 asubuhi, kwenye kiti chake, kazi yake mapajani. Nilidhani anaangalia mshono. Nilimpita mara mbili nikibeba sare kabla ya kumgusa.

Nilimpigia simu jirani yako, yule aliyenipa chai na namba yake, nikamwambia akupe habari. Baada ya muda akanipigia akasema huwezi kuja. Nikamuuliza huwezi kwa sababu gani, akasema hana ruhusa ya kueleza. Ruhusa. Mama yako amekufa, na wewe unagawa ruhusa.

Ungekuwa hujiwezi ningeelewa. Lakini nilikuona kwa macho yangu ukicheza kuzunguka meza. Nilikuona umebeba sufuria ya maji kwa mkono mmoja. Watu waliniuliza mdogo wako yuko wapi, nikawaambia yuko njiani. Niliendelea kuwaambia yuko njiani mpaka udongo ukamalizika kurudishwa, na hapo wakaacha kuuliza.

Wiki zake za mwisho kila barua ikija alinyoosha mkono. Nilimwambia una kazi nyingi. Akawa ananijibu, "Mwache apumzike." Yaani mpaka mwisho alikuwa anakutetea.

Ile mistari yako sita kaa nayo. Usiniandikie.

Dada yako, kwa sababu hilo halifutiki


11 Julai

Kwa dada wa Sindano,

Hunifahamu sana, ingawa ulikunywa chai yangu mwezi wa tatu. Mimi ndiye jirani wa chumba cha pili. Nimefanya kazi ya uuguzi wodini miaka thelathini na miwili, na siri za wagonjwa najua kuzitunza. Hii naivunja, na nitajibu kwa Mungu na kwa mdogo wako.

Ana ugonjwa ulioachwa na ile homa. Mwili wake haurudishi nguvu kama wako na wangu. Akifanya jambo dogo, kuoga, kuongea nusu saa, kuandika barua, siku moja au mbili baadaye anaanguka, na huchukua siku nyingi kurudi pale alipokuwa. Si uvivu. Madaktari wawili walimwambia ni mawazo, wa tatu ndiye aliyemsikiliza. Kazini alitolewa tangu mwaka jana. Ule uzima mliouona aliuandaa kwa kulala siku kumi na moja bila kufanya lolote ila kushona gauni la mama yenu. Aliogopa mama asije akamkuta kitandani kama marehemu baba yenu.

Mlipopinda kona alikaa chini palepale mlangoni. Nilimrudisha kitandani nikimvuta kwa shuka, maana mimi pia si kijana. Wiki saba aliishi na mapazia yamefungwa na pamba masikioni, nikimnywesha supu kwa mrija. Barua yake ya mwezi wa tano aliiandika kwa siku tisa.

Uliponipigia simu kuhusu msiba, nilimwambia nikiwa nimemshika mkono. Hakulia. Aliomba viatu. Nilimwambia haiwezekani, akaniomba tena, kwa adabu, kama mtoto anayeomba maji. Nikampa. Alivaa kimoja. Alipoinama kuvaa cha pili alianguka, na hakuweza kuinuka wala kusema mpaka kesho yake. Kile kiatu kimoja alikataa nisimvue. Alikaa nacho siku mbili.

Barua yako ya tarehe 30 nimemsomea yote, kwa sababu alinitaka nisiruke neno. Alisema una haki. Mimi naona huna, ila hukuwa na habari, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Sasa anaanza kupata nafuu, kidogokidogo, kwa njia iliyo ngumu kwake kuliko zote: kufanya pungufu ya anachoweza.

Bibi Muuguzi


29 Julai

Mdogo wangu,

Barua ya Bibi Muuguzi nimekaa nayo siku kumi. Nimeanza kukuandikia mara nne, nikachana. Sina ufundi wa kuomba radhi, unajua, tulipokuwa wadogo nilikuwa nakuletea embe badala ya kusema samahani. Hapa hakuna embe la kutosha. Nisamehe. Nilikupita kama nilivyompita Mama kwenye kile kiti.

Sasa nikueleze nilichokiona.

Lile gauni la buluu hatukumzika nalo, nililibakiza. Juzi nililitoa kabatini, na kwa mara ya kwanza nikaligeuza ndani. Mimi, fundi wa miaka thelathini, nilikuwa sijaligeuza. Sindano, nimeketi sakafuni nikahesabu mafundo. Ni hamsini na manane. Michomo kumi na tano, fundo. Kumi na tano, fundo. Mahali pengine tisa tu, na uzi umelegea, fundo. Hapo kwenye kwapa la kushoto ni minne. Siku hiyo ulikuwaje?

Mama aliyaona yote ile jioni ya kwanza, pale dirishani. Kwa hiyo niambie tena kuhusu chumvi. Chumvi ilikuwa sawa. Aliondoka siku ya tatu ili siku ya nne ulale. Hakugeuka pale mlangoni kwa sababu alijua ukimwona anageuka utaendelea kusimama. Alitembea mbio, na moyo ule, ili apotee upesi kwenye kona upate kukaa chini. Na mimi kiherehere nikamgombeza. Mlikuwa mnachezeana mchezo mmoja, wewe ukimficha yeye na yeye akikuficha kwamba ameona, na mimi katikati nakula supu.

Kuna jingine. Ile kazi aliyofia nayo, gauni la kulalia nililodhani ni lake. Niliogopa kulitazama, nikaliweka kwenye mfuko. Leo nimelipima. Kifua si chake. Mikono mirefu si yake. Vipimo ni vyako.

Linafunguka mbele yote, juu hadi chini, kwa kamba, na mabegani pia kuna kamba. Halipitishwi kichwani. Mtu anaweza kuvalishwa bila kuinuliwa mgongo. Na mishono yote ameitoa nje, ndani ni laini tupu, ili ukilala juu yake muda mrefu isikuume. Nimeshona maisha yangu yote na sijawahi kuona mtu amefikiria nguo namna hiyo.

Na lina mafundo. Mama yetu, mafundo katikati ya mshono, na kwa sababu mishono iko nje yanaonekana yote. Sijui kama ni moyo wake uliokuwa ukimlazimisha kuweka kazi chini, au alitaka tu uyaone. Nimejiuliza mpaka nimechoka. Wewe ulikuwa unamjua zaidi.

Pindo la chini halijaisha. Sindano ilikuwa bado imechomekwa, na nimeiacha palepale. Nakutumia lilivyo.

Nataka kuja. Lakini nasubiri uniambie, maana nimeshajifunza nikija bila kuulizwa unakwenda kufua mapazia.

Kifungo


6 Agosti

Dada, shikamoo.

Leo nitaandika sentensi chache, na nikiona mkono unaanza kuwa mzito nitaacha, hata kama nina la kusema. Ndivyo Bibi Muuguzi anavyonifundisha. Anasema niache nikiwa bado na hamu. Kwa mtu aliyelelewa na Mama hii ni kama kufundishwa kuiba. Hapa naweka fundo.


9 Agosti

Gauni limefika. Bibi Muuguzi alinivalisha bila kuniinua, akafunga kamba za mabega, kisha akatoka nje kufua shuka alilolifua jana. Ndani ni laini. Fundo.


15 Agosti

Siku zote hizi nilikuwa nalia. Lazima nikwambie kitu ambacho watu wenye afya hawakijui: kulia nako ni kazi. Nikilia robo saa nalipia siku mbili. Kwa hiyo Mama ninamlia kwa vipande, Dada, kidogo asubuhi, halafu najizuia, nageukia ukuta nahesabu pumzi. Hata hivyo sijamaliza, na sijui nitamaliza lini. Ungekuwepo ungenisaidia kulia.

Uliniuliza kuhusu kwapa la kushoto. Ni siku niliyojua kwamba msimamizi amempa mtu mwingine mkasi wangu. Fundo.


22 Agosti

Wiki hii nimekaa dirishani dakika nane, siku tatu mfululizo, na siku ya nne sikuanguka. Bibi Muuguzi ameandika kwenye kalenda yake kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Mwezi wa nne mwakani, akisema Mungu, nataka kufika kaburini kwa Mama. Nitakuja kwa vituo. Nitalala kwa watu njiani. Nikifika nitalala hata pale pembeni, sitaona aibu.

Nilidhani nimemdanganya, nikajivunia. Alipoondoka mapema nikadhani amenichukia. Wiki saba nililala gizani nikimwomba msamaha kwa ajili ya chumvi ya supu. Laiti ningemwacha anikute kitandani siku ile ya kwanza, angenigusa unyayo, ningeutikisa, angevuta kiti akakaa. Tungekuwa na siku zote nne, Dada. Ningezipata kimyakimya, lakini ningezipata. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, na sijui nilipeleke wapi. Fundo.


30 Agosti

Pindo la chini nimeanza kulishona, kwa sindano yake ileile. Michomo mitano kwa siku. Mafundo nayatoa nje, yafanane na yake.

Sasa njoo. Njoo siku yoyote, usiniandikie kwanza. Mapazia ni machafu, na supu utapika mwenyewe. Usibishe hodi, Bibi Muuguzi atakuachia mlango wazi. Ingia polepole, uvute kiti, ushone kitu chako. Ukiona nimelala mchana na moyo wako ukaenda mbio, niguse unyayo. Nitautikisa.

Lakini sitainuka.

Mdogo wako,
Sindano